Kura 34, Wapiga Kura 31

Jioni ile tulikuwa maabara ya kompyuta, tumeagiza chipsi, tuna raha zetu. Klabu yetu ilikuwa imepewa kazi ya kutengeneza tovuti ya kupigia kura za serikali ya wanafunzi, na hiyo ilikuwa siku ya majaribio. Tuliwaita wenzetu wa darasani na kuhesabu vichwa mlangoni: 31. Kila mmoja alitakiwa kuingia kwa namba yake ya usajili, kuchagua mgombea mmoja kati ya watatu wa kubuni (Embe, Nanasi na Papai), kutuma, basi. Kazi ya dakika tano.

Nusu saa baadaye maabara nzima ilikuwa inalalamika. "Mbona linanirudisha mwanzo?" "Mimi nimeingia mara nne!" Dada mmoja wa safu ya nyuma skrini yake ilimwandikia 419, yaani ukurasa umepitwa na muda, wakati ameufungua sekunde kumi tu zilizopita. Tulipofungua matokeo, Nanasi alikuwa anaongoza vizuri tu, ila jumla ya kura ilikuwa 34.

Sehemu ile ya msimbo niliandika mimi. Macho yote yakanigeukia.

Naeleza hapa kilichotokea kwa sababu najua siko peke yangu. Wengi wetu tunajenga mradi wa mwaka wa mwisho kwenye laptop moja, unafanya kazi, tunapata alama, tunasahau. Kosa lenyewe linakusubiri siku utakapoongeza seva ya pili. Na hapa kwetu lilikuwa linaelekea kwenye uchaguzi wa kweli, wenye wagombea wa kweli na wapambe wao wenye hasira za kweli.

Kaunta ya mabegi

Tuanze na jambo tunalolikariri kwa ajili ya mtihani halafu tunaliacha mlangoni: HTTP, itifaki inayobeba kurasa za wavuti, haina kumbukumbu. Kila ombi linalotoka kwenye kivinjari chako linafika kwa seva likiwa geni kabisa. Umefungua ukurasa wa kuingia, umeandika nywila, umefungua karatasi ya kura. Kwa seva hao ni watu watatu wasiojuana. Ndiyo maana mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, alibuni kuki: kipande kidogo cha maandishi ambacho seva inakipa kivinjari, na kivinjari kinakirudisha kila kinapokuja tena.

Sasa kuki ni ndogo, haizidi takriban kilobaiti 4, tena inakaa mikononi mwa mtumiaji. Kwa hiyo mifumo mingi haijazi taarifa zako humo, inaweka namba tu. Fikiria kaunta ya mabegi pale maktaba. Unaacha begi, unapewa kibao chenye namba 37, unaingia kusoma. Ukitoka unaonyesha kibao, unapewa begi lako. Kibao ndiyo kuki. Begi ndiyo sesheni: jina lako, umeingia saa ngapi, uko hatua gani, fomu yako ina alama gani ya siri ya kuthibitisha kwamba ni wewe uliyeifungua. Mhudumu ndiye seva.

Kwa seva moja mambo ni shwari. Swali ambalo hatukujiuliza ni hili: begi lenyewe linakaa wapi? Laravel, fremuweki tuliyotumia, kabla ya toleo la 11 ilikuwa inaweka sesheni kwenye mafaili ndani ya seva yenyewe, usipoiambia vinginevyo. Kuanzia toleo la 11 inaziweka kwenye hifadhidata. Sisi tulikuwa tumedesa mradi wa zamani wa kaka mmoja aliyemaliza, kwa hiyo yetu yalikuwa mafaili.

Tukaongeza seva ya pili kwa kuogopa msongamano wa siku ya kura. Mbele ya seva zote mbili tukaweka Nginx, ipokee maombi na kuyagawa. Kama hujaibadilisha, Nginx inagawa kwa zamu: ombi hili kwa seva ya kwanza, linalofuata kwa ya pili, kisha inarudi. Kwa maneno mengine, tulifungua kaunta ya pili ya mabegi upande wa pili wa maktaba, yenye mhudumu wake na rafu zake, bila kuwaunganisha. Unafika na kibao 37 mkononi, mhudumu anageuka kuangalia rafu, hakuna kitu. "Samahani, hujaacha begi hapa." Unatupwa kwenye ukurasa wa kuingia. Wakati huohuo begi lako limetulia kwenye kaunta ile nyingine.

Na ile 419? Fomu yake ilitolewa na seva ya kwanza ikiwa na alama ya siri ya seva ya kwanza. Alipobonyeza kutuma, zamu ikawa ya seva ya pili, ambayo alama hiyo haikuwa nayo. Ikakataa. Kwa upande wake ilikuwa sahihi kabisa: ulinzi huo upo ili tovuti nyingine isitume fomu kwa jina lako.

Njia mbili tulizozikataa

Usiku uleule mwenzangu mmoja alipendekeza njia ya mkato: tuiambie Nginx imrudishe mtu yuleyule kwenye seva ileile kila mara. Ipo, ni neno moja tu kwenye faili la mipangilio, ip_hash, linalochagua seva kwa kuangalia anwani ya IP ya mtumiaji. Tulifurahi kwa dakika kumi hivi. Halafu tukakumbuka tuko chuo. Watu wote walio kwenye Wi-Fi ya chuo wanaweza kutoka nje kwa anwani moja tu ya IP. Wote wangeelekezwa kwenye seva moja, nyingine ikakaa inapiga miayo. Na wanaotumia simu? Mtu anaanza kupiga kura akiwa kwenye Wi-Fi, anatoka nje ya jengo, simu inahamia kwenye bando, anwani inabadilika, anaweza kuangukia seva nyingine, begi limepotea tena. Halafu kuna hili: seva moja ikizima, kila aliyekuwa amefungwa nayo anapoteza sesheni yake palepale. Tuliongeza seva ya pili ili moja ikifa kazi iendelee. Kumfunga mtu na seva moja kunaondoa nusu ya faida hiyo.

Kuna aina nyingine ya kumfunga mtu na seva, kwa kuki badala ya IP, na ni bora kidogo. Lakini tatizo la seva kuzima linabaki palepale.

Njia ya pili ni kumwambia kila mtu abebe begi lake: taarifa zote ziingie kwenye kuki, zikiwa zimefungwa kwa ufunguo wa siri ili mtumiaji asizichezee. Hii sio mbaya, na kwa tovuti nyingi inatosha. Ila kwa kupiga kura ina shida moja iliyotufanya tusite. Kuki ya namna hiyo ikishatoka, seva haina namna ya kuifuta. Ukiacha nafasi wazi kwenye kompyuta ya maabara na mtu akanakili kuki yako, kubonyeza "Toka" kunaifuta kwenye kivinjari chako tu; nakala yake inaendelea kufanya kazi hadi muda wake uishe. Kibao cha kaunta ni tofauti. Mhudumu akishatoa begi, kibao kilichobaki ni kipande cha bati.

Chumba kimoja cha pamoja

Ikabaki njia ya tatu: kaunta ziwe nyingi kadiri unavyotaka, lakini mabegi yote yakae kwenye chumba kimoja ambacho kila mhudumu anaweza kuingia. Hicho chumba ndicho watu wanachokiita kache ya pamoja, au iliyosambazwa. Ni programu inayojitegemea, inahifadhi vitu kwenye RAM kwa mtindo wa jina na thamani: ukimpa "37" anakupa begi la 37, ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Majina makubwa hapa ni mawili. Memcached ilianzishwa mwaka 2003 na Brad Fitzpatrick kwa ajili ya LiveJournal, tovuti ya watu kuandika shajara zao, iliyokuwa imeelemewa. Redis ilitolewa mwaka 2009 na Mwitaliano Salvatore Sanfilippo, ambaye hifadhidata za kawaida zilikuwa zinamchelewesha kwenye mradi wake wa kuchambua wageni wa tovuti kwa wakati uleule wanapoingia. Mwaka 2024 Redis ilibadilisha leseni, watu wakagombana, na kundi moja likachukua msimbo wa zamani na kuuendeleza kwa jina la Valkey. Kwa kazi yetu zote mbili zinafanana, usipoteze usingizi.

Tulichagua Redis kwa sababu mbili. Kwanza, kila kitu unachoweka unaweza kukipa muda wa kuishi, na muda ukiisha kinajifuta chenyewe. Huhitaji kuandika kazi ya usiku ya kufagia sesheni zilizokufa. Pili, inaweza kuandika nakala kwenye diski, kitu ambacho Memcached ya kawaida haikufanyii: ukiizima na kuiwasha, kila kitu kimeondoka.

Kuiweka kwenyewe, jamani, ni kazi ya saa moja. Unaisimika Redis kwenye mashine ya tatu, unaipa nywila, unahakikisha mlango wake, 6379, unafunguka kwa zile seva mbili tu na si kwa dunia nzima. Hapa usilete utani. Anayeweza kusoma na kubadilisha vilivyomo kwenye chumba cha mabegi anaweza kuwa mtu yeyote aliye ndani ya mfumo, akiwemo msimamizi wa uchaguzi. Kisha kwenye faili la .env la kila seva unaandika SESSION_DRIVER=redis, unaweka anwani ya mashine ya tatu kwenye REDIS_HOST, nywila kwenye REDIS_PASSWORD, na SESSION_LIFETIME, ambayo huja ikiwa dakika 120, tukaishusha hadi 15 kwa sababu watu wengi watapigia kura kwenye kompyuta za pamoja. Kama ulikuwa umeshaihifadhi mipangilio kwa amri ya config:cache, iendeshe tena, la sivyo utabadilisha .env mpaka asubuhi na hakuna kitakachosikika.

Wanaotumia ASP.NET Core, neno moja kwenu: ile AddDistributedMemoryCache jina lake linadanganya. Inasema imesambazwa, lakini inahifadhi kwenye RAM ya seva hiyohiyo moja. Imewekwa kwa ajili ya majaribio. Wa Django nao waangalie kache ya LocMem. Kila mchakato una yake peke yake.

Tukawasha. Tukajaribu. Tukatolewa nje tena.

Ufunguo uliotulaza macho

Hili lilitugharimu usiku mzima, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Redis ilikuwa inafanya kazi. Tukichungulia ndani tunaziona sesheni, tena nyingi kuliko watu waliokuwepo. Hiyo ndiyo ingekuwa dalili kama tungekuwa na akili timamu saa nane ya usiku.

Laravel haimpi mtu kibao chenye namba wazi. Inaifunga kwa ufunguo wa siri unaoitwa APP_KEY, na seva ikipokea kibao inakifungua kwa ufunguo huohuo. Wakati tunaandaa seva ya pili, tulifuata hatua za kawaida za kusimika mradi, na mojawapo ni amri ya kutengeneza ufunguo mpya. Tukaiendesha bila kufikiri. Kila seva ikawa na ufunguo wake. Chumba kimekuwa kimoja, sawa, lakini wahudumu wanaandika vibao kwa lugha mbili. Seva ya pili ikipokea kibao cha ya kwanza inashindwa kukisoma, inamwona huyu ni mgeni, inampa kibao kipya na begi tupu. Ndiyo maana sesheni zilikuwa nyingi kuliko watu.

Tukanakili ufunguo wa seva ya kwanza kwenda ya pili. Ikatulia, fasta. Django nao wana SECRET_KEY, na ASP.NET Core ina funguo zake za ulinzi wa data ambazo lazima zikae mahali pa pamoja. Yaani popote ulipo, hesabu siri za mfumo wako na uhakikishe seva zote zinafanana.

Ikitokea kache imejaa

Tatizo lingine hatukulipata, lakini tulilikwepa kwa bahati, maana nilikuwa nimeshaanza kulitengeneza. Tulikuwa tunataka kutumia Redis ileile kuhifadhi pia kurasa za wagombea, picha na sera zao, ili zifunguke haraka. Sasa neno "kache" linabeba maana kwamba kitu kikipotea hakuna hasara, utakitafuta tena kwenye chanzo. Ukurasa wa mgombea uko hivyo. Sesheni haiko hivyo, kwa sababu haina chanzo kingine; ikipotea mtu katolewa nje.

Redis inaweza kuwekewa kikomo cha RAM na sera ya nini kifanyike kikifikiwa. Sera ya allkeys-lru inafuta vitu ambavyo havijaguswa siku za karibuni, chochote kile. Kwa kurasa ni sawa. Kwa sesheni maana yake ni kwamba mtu aliyekaa anasoma sera za wagombea kwa utulivu, yaani mpiga kura bora kuliko wote, ndiye wa kwanza kutupwa. Tena amri ya kusafisha kache, ambayo watengenezaji tunaibonyeza kama mazoea, inaweza kufuta sesheni za watu wote kwa mkupuo kama vinaishi sehemu moja. Tukatenganisha: Redis moja ya sesheni yenye sera ya noeviction, ambayo ikijaa inakataa kupokea kipya kuliko kufuta cha zamani, na nyingine ndogo ya kurasa. Wala sio gharama. Tuseme sesheni moja ina kilobaiti 2. Watu 20,000 wakiingia kwa pamoja ni megabaiti 40 hivi. Simu yako inafungua video kubwa kuliko hiyo.

Na nitasema ukweli ambao wapenda teknolojia hawapendi kuusikia: kwa ukubwa wetu, jedwali la sesheni ndani ya hifadhidata ya kawaida lingetosha. Seva zote mbili zinaiona hifadhidata ileile, tatizo limekwisha. Tulichukua Redis kwa sababu siku ya kura hifadhidata ina kazi muhimu zaidi ya kufanya, na hatukutaka kila ubonyezaji wa kila mtu upite humo. Kugawa sesheni kwenye mashine nyingi za Redis, zile nafasi 16,384 za Redis Cluster, hiyo waachie wenye watumiaji mamilioni.

Kura tatu

Bado sijajibu swali la jioni ile. Kura tatu zilitoka wapi?

Nilikuwa nimeandika hivi: mtu akishapiga kura, weka kwenye sesheni yake alama "ameshapiga". Akirudi na alama hiyo, mkatalie. Ilionekana nzuri sana. Sasa mtu amepiga kura kupitia seva ya kwanza, begi lake lina alama. Anarudi, anaangukia seva ya pili, begi tupu, anaambiwa aingie upya. Anaingia. Begi jipya halina alama. Anapewa karatasi ya kura. Waliorudia hawakuwa wezi. Walidhani ya kwanza haikupokelewa, kwa sababu mfumo uliwarudisha mwanzo bila maelezo.

Kuhamia Redis kungeficha kosa hili bila kulitibu. Mtu angebonyeza "Toka", sesheni ikafutwa kama inavyotakiwa, akaingia tena akiwa msafi. Hata kwa seva moja lilikuwepo siku zote; hatukuliona kwa sababu kwenye laptop yangu sikuwahi kujisumbua kutoka.

Sesheni inajua wewe ni nani kwa sasa. Ulichokifanya kinatakiwa kiandikwe mahali pasipofutika. Kwa hiyo tuliondoa alama ile kabisa. Kwenye hifadhidata tukatengeneza jedwali la waliopiga, lenye sharti kwamba namba moja ya usajili haiwezi kuingia mara mbili, na jedwali lingine la kura lisilo na jina la mtu. Kuandika kwenye majedwali yote mawili kunafanyika kama tendo moja: yakifanikiwa yamefanikiwa yote, likigoma moja hakuna kilichoandikwa. Hata mtu akibonyeza mara mbili kwenye vichupo viwili kwa wakati mmoja, mmoja unapita na mwingine unakataliwa na hifadhidata yenyewe. Sesheni isingeweza kulizuia hilo. Laravel kwa kawaida inasoma sesheni yote mwanzo wa ombi na kuiandika yote mwishoni, kwa hiyo maombi mawili ya pamoja yangesoma begi lisilo na alama, na yote mawili yangepita.

Wiki iliyofuata tuliwaita tena wenzetu walewale 31. Chipsi safari hii walidai wao. Katikati ya zoezi tukaizima seva ya kwanza bila kuwaambia. Hakuna aliyeinua kichwa. Tukaiwasha. Kisha tukaizima Redis yenyewe, kwa makusudi, tukaifuta yote na kuiwasha tena ikiwa tupu. Hapo kelele zilisikika, kila mtu akarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia, na safari hii tulikuwa tumeweka pale maneno mawili matatu: kama ulikuwa umeshatuma kura yako, ipo, ingia uone. Wakaingia. Waliokuwa hawajapiga wakapiga, na wawili wakajaribu kurudia ili watukomoe.

Embe alishinda. Kura 31.